Saa Saba Dirishani

Kila siku akitoka shule, Chachu alipita kwenye tanuri ya mikate ya baba yake. Baba mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo. "Huyu hata umfunike, ataumuka tu!"

Siku hiyo alimkuta shangazi yake akipiga kelele mlangoni. Baba alikuwa sakafuni, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea kama kinyunya cha unga. Jirani akaleta maji.

"Usimnyweshe, atapaliwa!" shangazi akafoka. "Tafuta gari!"

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa na shingo. Daktari akatoka haraka.

"Ni kiharusi. Mshipa wa shingoni umeziba, damu haifiki vizuri ubongoni. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini lazima aipate ndani ya saa nne na nusu tangu aanze kuugua. Ikichelewa, inaweza kumvujisha damu ubongoni. Nani alimwona mzima mara ya mwisho?"

"Mimi, alfajiri," alijibu shangazi. "Niliporudi saa tisa nikamkuta chini."

"Katikati hapo?"

Shangazi akatikisa kichwa. Sasa ilikuwa saa kumi.

"Basi siwezi kubahatisha," daktari akasema, akageuka.

Chachu alimtazama shangazi yake. Akisema, shangazi atamchuna ngozi. Asiposema...

"Daktari! Mimi nilimwona saa saba!"

"Wewe?" shangazi akang'aka. "Si ulikuwa shule?"

"Nilitoroka kipindi cha hesabu, nikaenda kuogelea. Nilipita dirishani pa tanuri, nikamdanganya baba kwamba mwalimu katuachia mapema. Alinitania, maneno yamenyooka. Akanirushia mkate kwa mkono huohuo uliolegea."

Daktari aliinama, akamkazia macho. "Binti, ukinidanganya, dawa itamuua."

"Mpigie mwalimu. Muulize nilikosekana kipindi gani."

Daktari akampigia, mwalimu akathibitisha. Kisha akaita: "Muuguzi, dawa!"

Asubuhi, baba alikuwa na ulimi mzito, lakini vidole vilikunja shuka.

"Cha... chu," alisema. "Mto... ro!"

Chachu alicheka huku akilia.

"Utoro wako utaulipia," shangazi akamwambia. "Trei zote utasugua wewe."

"Asugue," daktari akakubali. "Ila mjue, mkiona uso umepinda, mkono umelegea, ulimi mzito, kimbilieni hospitali. Na ukweli, mwanangu, ni kama dawa hii. Ungeuleta leo asubuhi, usingetufaa kitu."