Muhuri wa Zizaya

Udongo wa kupigia muhuri ulikuwa bado mbichi juu ya kamba za mzigo wa vitambaa, na Iddin-Abum alikuwa hajavua muhuri shingoni, lakini alama ilikwishapigwa: mbuzi jike anakunywa kisimani. Alama ya mkewe, Zizaya, aliyezikwa chini ya sakafu ya chumba cha ndani tangu mavuno ya mwaka jana.

"Nuhshatum, umegusa hapa?"

"Kwa muhuri upi, baba? Si unao wewe."

Katika ukoo wao mtu huzikwa na muhuri wake. Huu wa Zizaya, Iddin-Abum aliubakiza. Binti yake alifuma vizuri kama mamake, lakini mchunga punda wa msafara alishasema waziwazi: "Mzee, kule sokoni Kanesh hawanunui kitambaa. Wananunua yule mbuzi wa muhuri."

Ikaja harufu ya sufu iliyoloweshwa. Kisha, jua likiwa la utosi, baba na binti wakasikia nyuma ya mizigo koo likimeza, koo kavu lisilo na mate ya kumeza, likahama kutoka mzigo huu hadi ule, taratibu, kama mtu anayekagua kazi yake, mpaka likasimama karibu nao kiasi kwamba Nuhshatum alihisi pumzi ya vumbi shavuni, na hapakuwa na mtu.

Wakamwita mganga, bibi Belatum.

"Maji mnammwagia kaburini?"

"Kila mwezi," alinong'ona Iddin-Abum.

"Hayanywi. Hayupo pale. Kila atazamaye alama hii anamwita, naye huinuka, akafuata punda mpaka Kanesh na kurudi. Huyu si pepo mbaya, ndugu yangu. Amechoka. Ana kiu."

"Nikiuzika muhuri?"

"Atalala."

"Hatarudi tena?"

Mganga alielekea chumba cha ndani.

"Baba," alisema Nuhshatum, "mwache mama anywe."

Wakainua matofali ya sakafu. Iddin-Abum aliuweka muhuri kwenye mifupa ya kiganja, akamimina maji. Udongo uliyavuta kwa mkupuo mmoja mrefu. Harufu ikatoweka.

Mizigo iliyofuata iliondoka na alama ya Nuhshatum, ndege mdogo asiyejulikana na mtu.

Na kila asubuhi Iddin-Abum huweka donge la udongo mbichi juu ya kigoda cha Zizaya, akaketi akiwa amekipa kisogo, asije akamtisha. Mchana hugeuka kulitazama. Donge limekauka, laini, halina alama.

Nuhshatum hulichukua, akalilowesha kwa ajili ya kesho.