Vichwa vya Wafalme wa Roma

Ijumaa, saa nne asubuhi.

Stoo nyuma ya duka la Badiru, pale Busia, ilinuka kahawa ya magendo. Badiru aliweka bastola juu ya gunia.

"Leo Tororo. Yule Mzungu mzee wa chini ya mwamba ana boksi la sarafu za Warumi wa kale, kila moja na kichwa cha mfalme. Kapteni anazitaka."

"Kapteni ana askari," alisema Edimu, aliyelitoroka jeshi mwaka jana. "Si aende mwenyewe?"

"Mzungu anakunywa chai na wakubwa wa Kampala. Kapteni hataki jina lake litajwe."

"Na sisi tunapata nini?" aliuliza Muniru.

Badiru alimkata jicho. "Dada yako, shemeji! Umesahau?"

Fauziya, mke wa Badiru, alikamatwa Jumatatu na askari wa Kapteni, akivusha sukari ya Kenya. Kapteni alikuwa na uchu wa sarafu kuliko mlevi na waragi. Alisema waziwazi: lete vichwa, chukua mke. Wanawake wengine walitoka kambini kwake wakiwa maiti ndani ya magunia. Badiru alijua.

Saa saba mchana. Nusu ya mji ilikuwa msikitini.

Mlinzi wa Mzungu aliinua rungu. Edimu alimpokonya, akamvunja mkono, kisha taya. Ndani, Mzungu alilikumbatia boksi lake kifuani.

"Toa!"

Hakutoa. Rungu lilimshukia kichwani mara mbili, damu ikaruka hadi kwenye pazia. Muniru alitapika mlangoni. Badiru alilichomoa boksi mikononi mwa mzee, wakakimbilia pikapu yao.

Saa tisa. Nyumba ya shangazi yake Edimu, kijijini Sikuda.

Badiru alifungua boksi, akasonya. "Ndizo hizi?"

Sarafu zilikuwa nyeusi, zenye kutu ya kijani, kama nati za lori bovu. Nyie, watu wa magendo hawavushi mali chafu. Hata sufuria kuukuu husuguliwa kwanza, ndipo ipate mnunuzi.

"Zisugue zote, shemeji. Majivu na ndimu. Nataka kila uso ung'ae."

Yeye na Edimu walikwenda kuficha pikapu kwenye mihogo. Muniru alisugua mpaka vidole vikachubuka. Moja hakuisugua. Aliitia ndani ya soksi.

Saa kumi na moja. Landrova ya Kapteni ilisimama kando ya barabara.

Fauziya alikaa nyuma kati ya askari wawili, jicho moja limevimba. Alipowaona mume na kaka yake, alilia.

Kapteni alitoa kioo cha kukuzia. Alitazama sarafu moja, akatazama ya pili, akalimwaga boksi lote chini.

"Mnanichezea? Hizi zimefuliwa na mafundi wa Katwe jana!"

"Wallahi mkubwa, ni zenyewe!"

"Sarafu ya miaka elfu mbili inang'aa hivi? Nani alibaki nazo?"

Badiru aligeuka polepole. Edimu alimkaba Muniru, akampekua, akamvua viatu. Soksini ikaanguka sarafu ya kijani.

Kapteni aliiokota. Sauti yake ikalainika. "Hii ndiyo. Nyingine ziko wapi?"

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwangu!" Badiru alichomoa bastola. Askari wakainua bunduki, lakini Kapteni akawazuia kwa mkono. "Umezibadilisha, Muniru! Dada yako yuko pale!"

"Nimeiba moja! Moja tu! Hizo ni zile zile, nilisugua ulivyoniambia—"

Badiru alimpiga risasi mbili za kifua. Fauziya alipiga ukelele.

Kapteni aliinama, akaokota sarafu iliyong'aa, akaitazama tena. Nyuma ya sikio la mfalme kulibaki majivu na kijani kidogo. Akainusa.

"Ndimu. Kumbe alisema kweli." Akacheka. "Kutu ile ndiyo iliyokuwa thamani yake, wajinga nyie. Sasa ni vyuma chakavu." Aliitia ile chafu mfukoni. "Lakini hii moja nimeipenda. Haya mama, shuka. Nenda na mume wako."

Fauziya alishuka. Alimpita Badiru, akapiga magoti, akamfumba kaka yake macho, akamfunika uso kwa leso.

"Twende," Badiru alisema. "Kenya ni pale tu. Fauziya, nakuomba."

Fauziya aliitazama bastola mkononi mwa mumewe. "Ni wewe ulimwambia asugue?"

"Ni mimi."

Alisimama, akarudi kwenye Landrova, akapanda mwenyewe, akakaa katikati ya wale askari wawili.

"Funga mlango," akamwambia mmoja wao.