Jiwe la Mpaka na Keki ya Anke

Jiwe la mpaka lilikuwa limeng'olewa. Lilikaa kando ya barabara tangu enzi za mababu. Sasa palibaki shimo tupu.

Inspekta Birte Lauesen wa Denmark alichuchumaa upande wake. Sajenti Harms wa Ujerumani alichuchumaa ng'ambo.

"Kesi ya nani hii?" aliuliza Harms.

"Shimo ni nusu kwa nusu."

"Basi chukua nusu yenye matope, dada."

Nyuma ya Lauesen, kizuizi cha polisi kilichorudishwa wiki ile kilisimamisha kila anayeingia Denmark. Miaka mingi watu walivuka hapa bila kugeuza hata shingo. Sasa kitambulisho mkononi.

Saa nne asubuhi jiwe likapatikana mita mia mbili ndani ya Denmark, limesimikwa nyuma ya nyumba ya kutunzia wazee. Lauesen akazidi kuchanganyikiwa. Mwizi gani huiba jiwe, akaliosha, akalipanda wima kwa pimamaji?

Alama za matairi ya trekta zilikata shamba kurudi kusini, hadi uani kwa mzee Momme Thaysen, Mjerumani.

Harms alimleta shimoni. Mzee alivaa suti na kofia, amebeba keki ya mkate mweusi.

"Jiwe uliliiba wewe?" aliuliza Lauesen.

"Sikuiba. Nimelisogeza."

"Kwa nini?"

"Mke wangu Anke yumo katika nyumba ile ya wazee. Akili imemtoka. Hali chochote mpaka nimlishe mimi keki hii, saa tisa, kwa kahawa. Kitambulisho changu kimekwisha muda. Vijana wako wamenirudisha siku nne. Siku nne hajala! Nikasema, nyumba ikiwa upande wetu, sitakuwa navuka kitu."

"Trekta lilipita shambani. Mbona wewe hukupita huko huko?"

Mzee aliwaka. "Niende kwa mke wangu kwa kunyata, kama mwizi wa kuku? Miaka hamsini na mbili naingia kwa Anke kwa mlango wa mbele, kofia mkononi!"

Lauesen alitazama saa. Tisa kasoro dakika kumi.

"Huko uliko siwezi kukukamata," alisema. "Ruka shimo."

"Nini?"

"Ruka, mzee!"

Harms akamshikia keki. Mzee akaruka.

"Uko chini ya ulinzi. Mtuhumiwa haonyeshi kitambulisho kwenye kizuizi. Anapita na askari wake. Mahojiano tutayafanyia kwa Anke."

"Na keki?" aliuliza Harms.

"Kielelezo. Ilete."

Mzee Thaysen alivua kofia. "Tunaingilia mlango gani?"

"Wa mbele."