Kichwa cha Mtakatifu Anna

Mwanga ulikuwa umebaki wa nusu saa, na Ghislaine Mouret alikuwa na picha moja tu ya kupiga.

Tangu mwezi wa tano alikuwa akiyapiga picha madirisha ya kanisa kuu la Montvernoy, kipande kwa kipande, kabla mafundi hawajayashusha kuyasafisha. Wenyeji wanasema hakuna bluu kama ile duniani, na kwa hilo hawaongopi, ingawa kwa mengine wanaongopa sana. Kilichobaki kilikuwa kipande kimoja katika kikanisa cha pembeni: Mtakatifu Anna, mama mtu mzima, amemshika mkono binti yake Maria, anamfundisha kusoma. Mvua ya mawe ilikuwa imempasua Anna kichwa wakati wa Pasaka. Asubuhi hiyo fundi alikuwa amekuja na kichwa kipya, akakiunga mahali pake.

"Usikawie," alisema mzee Anthelme, mtunza kanisa, akitikisa funguo zake mlangoni. "Nina supu jikoni. Na wewe ukishaingiza kichwa kwenye hilo sanduku lako husikii tena."

"Dakika kumi, mzee."

"Dakika kumi zako nazijua. Zina watoto na wajukuu."

Ghislaine alicheka, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Ilikuwa ya kizamani, ya marehemu baba yake, kubwa, ya mbao, ile inayoonyesha picha juu chini kwenye kioo cha nyuma. Alijifunika kitambaa cheusi. Ndani ya giza lile dogo akaona kwanza kitabu, kisha mkono wa mtoto, kisha akashusha macho chini, mahali kichwa cha Anna kilipokuwa kinaning'inia.

Alikuwa mama yake.

Alijua atamkuta. Picha aliitoa yeye mwenyewe. Lakini hakutegemea kumkuta hivi, mpaka na ule mkunjo mdogo kando ya mdomo, wa mtu anayetaka kusema jambo akaona haina haja.

Acha niseme jambo hili lilivyoanza, maana bila hilo mtu atamwonea huruma Ghislaine kabla ya wakati.

Baba yake alikuwa mpiga picha wa mji ule kwa miaka arobaini. Enzi zake picha zilishikwa kwenye vioo, na vioo vyake vilijaa ghala zima: maharusi, watoto wa komunyo ya kwanza, marehemu waliolazwa na rozari mikononi. Alipofariki, Ghislaine alikuwa kazini Paris. Aliporudi alikuta ghala ni tupu. Mama yake, Léontine, alikuwa amevichukua vile vioo vyote, akaviosha uani kwa maji ya moto na magadi, siku mbili mfululizo, mpaka nyuso zikafutika. Kisha akampa mkulima wa mboga, naye akajengea banda la kioo la kuoteshea nyanya.

"Nyuso za watu haziliwi," Léontine alimwambia binti yake. "Nyanya zinaliwa."

Hawakusemezana tena. Miaka tisa, mji mmoja, mitaa mitatu katikati.

Kisha mwaka huu, mwezi wa saba, fundi wa vioo Fulbert Tissandier alikuja kwenye chumba cha kazi cha Ghislaine kutafuta uso. Kina Tissandier hawachori kichwa kwa kubuni. Huchukua uso wa mtu aliyewahi kuishi, wakauhamishia kwenye kioo, na lazima awe amekwisha kufa. Kila mtoto wa Montvernoy anaujua msemo: aliye hai hapewi dirisha. Ghislaine naye aliujua, kama unavyojua usipige mluzi ndani ya nyumba. Unaujua, na unapiga.

Fulbert alisimama mbele ya picha moja ukutani, mwanamke wa miaka sitini ameketi dirishani.

"Huyu nani?"

"Mama yangu."

"Yupo?"

"Alikufa."

Fulbert aligeuka akamtazama. "Alikufa?"

"Miaka tisa sasa," alisema Ghislaine.

Moyoni alikuwa na neno moja zaidi: kwangu. Kwangu mimi alikufa. Hakulitamka. Na tusifichane, alivyosema vile alisikia utamu, kama mtu anayejikuna pele. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila hawakusema ni kichwa cha nani.

Basi huyo ndiye aliyekuwa chini ya kitambaa akirekebisha lenzi.

Tik.

Mlio ulitoka dirishani. Alijua ni risasi, zile kamba nyembamba za madini zinazoshika vioo, zinajikunja jioni jua likishuka. Zinalia kila siku.

Tik… tik…

Kisha ikaja harufu.

Magadi. Magadi ya moto, na siki kidogo, harufu ya mikono ya mama yake baada ya kazi za asubuhi. Ilikuwa ndani ya kitambaa, pale pale puani. Ghislaine alishusha pumzi, akarudi kwenye kioo cha nyuma. Anna wa dirishani huangalia kitabu. Ndivyo alivyochorwa miaka mia saba iliyopita, na ndivyo Fulbert alivyotakiwa kumrudisha.

Yule wa kwenye kamera hakuwa anaangalia kitabu.

Ghislaine alitoa kichwa nje haraka. Dirisha lilikuwa kimya, jekundu na bluu, Anna ameinamia maandishi yake. Akarudi ndani ya kitambaa.

Macho yalikuwa yanamtazama yeye. Na mdomo, ule mdomo uliokuwa ukiona haina haja, ulikuwa unafunguka.

"Ghi…"

Alibonyeza. Mkono wa mpiga picha hubonyeza hata mwenyewe akikimbia. Kisha akatoka kinyumenyume, akagonga benchi, kamera ikayumba.

"Nini tena?" Anthelme alikuja akiburuta miguu. "Umeiangusha? Nilisema mimi."

"Mzee… tazama kile kichwa."

Mzee alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Alitazama muda mrefu. Kisha akafanya ishara ya msalaba, polepole kuliko anavyofanya kwenye misa.

"Huyu si Léontine? Wa Mtaa wa Visima?"

"Ndiye."

"Lakini Léontine… Jumanne nilimwona sokoni. Alikuwa anabishana na mtu juu ya vitunguu." Sauti yake ilishuka. "Nani alimwambia Fulbert kwamba amekufa?"

Ghislaine aliinama kuikaza miguu ya kamera. Anthelme akavua miwani.

"Mama yako mzazi, binti?"

"Ni imani za kale tu, mzee. Si ndiyo?"

"Bibi yangu alimjua mmoja," alisema Anthelme kwa kunong'ona. "Mtengeneza mishumaa. Mke wake alimtoa kwa fundi angali hai, kwa hasira juu ya mwanamke mwingine. Yuko pale, dirisha la tatu, mchungaji mwenye fimbo. Wanasema alipendeza."

"Akafa?"

"Hakufa. Ingekuwa afadhali afe. Aliishi miaka ishirini, akifika mlango wa nyumba yake mbwa anambwekea, watoto wanamwuliza, bwana, unamtaka nani? Uso aliokuwa nao haukuwa wake tena. Ulikuwa wa dirisha."

Tik, ikalia juu yao.

Walimkuta Fulbert kwenye kibanda chake nyuma ya kanisa, ananawa mikono kwenye ndoo. Ghislaine hakumsalimia.

"Kitoe. Kitoe sasa hivi, mzee wangu, nakuomba. Mama yangu yupo."

Fulbert aliendelea kunawa. "Ulisema amekufa."

"Nilikuwa na maana nyingine."

"Kioo hakijui maana nyingine. Nimekichoma tanuri mara mbili, nimekiunga kwa risasi. Nikikibandua kitapasuka, kitapasuka katikati ya macho, nakijua. Unataka kipasuke?" Alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Sema, nikachukue patasi. Lakini sijui mwenye uso atakuwaje."

Ndipo Anthelme akauliza, akiwa bado mlangoni:

"Fulbert. Wewe huwa unanunua mkate duka moja na Léontine. Hukujua kama yu hai?"

Fundi alitundika aproni kwenye msumari.

"Marehemu mke wangu alipigwa picha moja tu maishani mwake," alisema. "Kwa baba wa huyu. Nakala yangu iliungua na nyumba, nikajiambia si kitu, kioo chenyewe kipo ghalani. Siku nilipokwenda, Léontine alikuwa uani na beseni. Nikamwomba anitafutie. Akasema hana muda wa kutafuta." Alimtazama Ghislaine bila chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ninapita pale kwenye nyanya kila wiki. Sijui ni kioo kipi. Nilikuuliza mara mbili, binti. Mara mbili. Ungesema yupo, ningekwenda zangu."

Ghislaine alitoka mbio.

Kutoka kanisani hadi Mtaa wa Visima ni dakika nane kwa miguu. Alikwenda kwa nne. Taa zilikuwa zinawashwa madirishani, watu wanafunga maduka, harufu ya mkate wa jioni iko njia nzima, na yeye anasema na nafsi yake: ni mzee mwenye hasira, basi, ni kioo kimechorwa, basi. Alikuwa akipanga maneno. Angesema, Mama, nimekuja. Angesema, nilikosa. Angesema na wewe ulikosa, lakini baadaye, wameshakaa, wameshakunywa kitu cha moto. Miaka tisa alikuwa hajui kama anayataka maneno hayo. Sasa aliyataka kwa uchungu, alitaka apigwe hata kofi ilimradi mkono uwe ule.

Aligonga.

Mlango ulifunguliwa na bibi mmoja mzee. Mfupi, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, shali ya kijivu. Ghislaine hakumfahamu. Akadhani ni jirani, au mtu wa kumsaidia mama kazi.

"Habari za jioni, bibi," alisema akihema. "Samahani. Namtafuta Léontine Mouret. Yupo ndani?"

Yule bibi alishika ukingo wa mlango.

"Bibi? Ni mama yangu. Tafadhali mwambie…"

"Na wewe pia," alisema yule bibi.

Sauti ilikuwa ya mama yake.

Ilikuwa yenyewe, na ule ukavu wake, na ile pumzi fupi mwishoni mwa sentensi. Ilitoka kwenye mdomo wa mtu baki.

"Tangu asubuhi," sauti iliendelea. "Mwuza mkate ananiuliza, bibi, wewe ni mgeni hapa? Padri ananiuliza jina. Nyumba ya pili hapo, mtoto niliyemlea mimi tangu anatambaa, ameniita bibi wewe. Nikarudi nikakaa kitini. Nikajiambia, Léontine, dunia imeingia wazimu, lakini una binti. Anakuchukia, sawa. Anayekuchukia hawezi kukusahau. Yule atanijua."

"Nakujua," alisema Ghislaine. "Mama… nakujua."

"Basi niangalie uniite."

Aliangalia. Alitafuta ule mkunjo kando ya mdomo. Kulikuwa na mikunjo mingi, ya mtu yeyote. Alitafuta macho, akaona macho mawili ya kizee aliyechoka. Kila alipotaka kukishika kitu kwenye uso ule kilimteleza, na alichobaki nacho ni adabu, ile adabu tunayompa mtu tusiyemjua. Alifungua mdomo. Neno lilikuja mpaka kwenye meno likakataa.

Yule bibi aliiona ile adabu. Hakuna mzazi asiyeijua.

"Mwaka juzi ulinipita sokoni kama hunijui," alisema. "Nikasema ni hasira. Kumbe ulikuwa unajifunza."

"Siyo hivyo. Ni dirisha, ni… mama, ngoja."

Ghislaine alifumba macho. Gizani kila kitu kilirudi palepale: magadi, siki, pumzi fupi, beseni la uani, mkono juu ya paji la uso wake usiku wa homa. Mama alikuwa amesimama mbele yake, hatua moja tu.

"Mama," alisema. Lilitoka vizuri, lote, kama alivyokuwa akilitamka utotoni. "Mama, nisamehe."

Alipofumbua macho, mlango ulikuwa umefungwa. Ndani alisikia ufunguo ukizungushwa, kisha ukazungushwa tena, jinsi bibi anayeishi peke yake anavyofunga akiwa na mtu asiyemjua nje.