Daftari la Sahani ya Pili

Kabati la chuma lilikutwa wazi Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, katika ukumbi wa kanisa moja pale Thornton Heath. Kufuli lilikuwa limekatwa. Ndani mlikuwa na gitaa la bei mbaya, halikuguswa. Vipaza sauti viwili, havikuguswa. Na madaftari kumi na manane yenye majalada ya bluu, yamepangwa kwa tarehe kuanzia kushoto. Yalipaswa kuwa kumi na tisa.

Mwenye kabati, Philemon Massawe, hakupiga simu polisi. Polisi wa London wangemwambia nini mzee wa miaka sitini na mmoja aliyeibiwa daftari la shule? Alimpigia Anastasia Tarimo, ambaye aliwahi kuwa mpelelezi kule Moshi kwa miaka kumi na moja, na sasa alikuwa akihudumia wazee katika nyumba iliyokuwa mitaa mitatu kutoka pale ukumbini. Anastasia ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu na miguu ilikuwa inamwaka moto. Alifika saa kumi na dakika kumi, akaomba kiti, akaomba maji, ndipo akauliza kilichoibwa.

Philemon alikuwa fundi wa mabasi. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kazi aliyoipenda ilikuwa kutunga nyimbo za country, na alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili bila wimbo hata mmoja kurekodiwa. Watu hucheka wakisikia Mchaga wa Marangu anatunga country London. Hawajui kwamba kwetu muziki huo tumeukulia redioni, na wapo waliozikiwa baba zao kwa nyimbo hizo.

Kazi yenyewe inachosha kuliko kulima mawe. Unatuma wimbo, unasubiri. Ukiwa na bahati, mwimbaji anakwambia anaushika, maana yake usimpe mwingine mpaka aamue. Nyimbo za Philemon zilikuwa zimeshikwa mara nne, zikaachiwa mara nne. Mmoja ulishikwa miezi kumi na minne, ukaachiwa kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili.

Sasa wa tano, "Sahani ya Pili", ulikuwa umefika mlangoni. Ni wimbo wa mwanamke anayeandaa meza kila jioni na kumwekea sahani mtu aliyekwenda asirudi. Mwimbaji mmoja wa Manchester angeingia studio Jumanne. Kampuni yake ilitaka vitu viwili kabla ya Jumatatu saa sita mchana: picha za kurasa za kwanza za utunzi, na fomu yenye saini ya kila mtu aliyekuwa chumbani siku wimbo ulipotungwa. Ndiyo desturi ya kazi hiyo. Aliyekuwa chumbani ni mtunzi, hata kama mchango wake ni neno moja.

"Bila daftari lile wataachana na mimi," Philemon alisema. "Dada Ana, mimi sina nguvu ya wimbo wa sita."

"Siku ya kutunga ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Jikoni kwangu, tarehe 14 Machi 2009."

Anastasia aliandika hilo, kisha akaokota kufuli. Koleo lilikuwa limekata pingu yake, ule upinde wa chuma, katikati. Kipande kilichobaki kwenye mwili wa kufuli alikigusa kwa kidole, kikazunguka kama kizibo cha chupa. Alikizungusha mara mbili tatu, akalitia kufuli lote kwenye begi lake. Funguo ziko ngapi? Mmoja tu, alijibiwa, na Philemon akauonyesha ukining'inia shingoni mwake pamoja na rozari.

Marion, mama msimamizi wa ukumbi, alisema saa nane kamili alipita na viti na kufuli lilikuwa zima. Saa nane na nusu alimwona Pacifique, msafishaji, akiingia na ndoo. Baada ya hapo hakuona mtu, kwa sababu alikwenda kula.

Anastasia alitazama migongo ya madaftari. Hakuna jina la wimbo hata moja, ni tarehe tupu. Lililokosekana, kwa mpangilio ulivyokuwa, lilianzia Novemba 2008 hadi tarehe 14 Machi 2009. Mwizi hakupekua. Alijua tarehe, akachomoa moja, akayasogeza yaliyobaki yakae vizuri. Kikundi cha kutunga nyimbo kilichokutana pale kila Jumamosi kilikuwa na watu watatu tu: Philemon, Pacifique na kijana wa Kikenya aitwaye Kelvin Mutiso. Kwa hiyo kikulacho ki nguoni mwako, Anastasia aliwaza, na wazo hilo lilimchosha zaidi ya zamu yake.

Aliomba aondoke na madaftari yote kumi na manane. Philemon alisita. Alisema lililoibwa ni la Machi, hayo mengine ya nini? Anastasia alimwambia kwamba kule Moshi, nyumba ikiibiwa redio, walikuwa wanakagua hata vyungu.

Saa kumi na mbili jioni alishuka Stratford, njiani kurudi kwake Barking. Kelvin alikuwa na studio ndogo nyuma ya kinyozi, na mchana aliuza viatu dukani. Koleo la kukatia vyuma lilikuwa juu ya spika, halikufichwa. Kelvin alieleza kwamba alilinunua mwezi uliopita alipopoteza ufunguo wa loka. Hakukataa pia kwamba aligombana na mzee.

"Nilimwambia ile bridge, pale katikati ya wimbo, ni yangu, niliibadilisha mimi tukirekodi demo. Akasema hapana, imeshakuwa late," Kelvin alisema. "Niliskia vibaya, Auntie, siwezi kukudanganya. But I didn't take his book. Hata hiyo tarehe siijui. 2009 mimi nilikuwa form two, Machakos."

Ratiba ya duka la viatu ilikuwa kwenye simu yake: siku hiyo alitoka saa tisa kamili. Kutoka Stratford mpaka Thornton Heath asingefika kabla ya saa kumi. Anastasia alipiga simu dukani, akathibitishiwa. Alipokuwa anafunga begi lake, Kelvin alimtania kwamba asipotee ndani ya hayo madaftari.

"Mzee alikuwa katibu wa kwaya huko kwenu," alisema. "Yule hawezi kupiga chafya bila kuandika minutes."

Akabaki Pacifique. Anastasia alimkuta Jumapili saa saba mchana, baada ya ibada, akikunja vitambaa vya meza. Alikuwa mtu wa Bukavu, miaka hamsini hivi, mpole, aliyefika Uingereza mwaka 2006 kuomba hifadhi na kusubiri miaka minne apewe jibu. Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao. Alikuwa amepita pale saa nane na nusu, wakati kufuli lilipokuwa zima au lilipokuwa linakatwa. Na kikundi alikianzisha pamoja na Philemon, kwa hiyo tarehe aliijua. Kila kidole kilimwelekea.

Anastasia alimuuliza alikuwa wapi tarehe 14 Machi 2009.

"Mama, miye siko mwizi," Pacifique alisema polepole. "Lakini hiyo swali sijibu. Miaka nne watu wa asylum waliniuliza ulikuwa wapi siku fulani, saa fulani, na nani. Nikajibu, wakasema nasema uongo. Nilishachoka. Andika unavyotaka."

Alimtengenezea Anastasia chai ya maziwa, akamwekea na maandazi, akarudi kwenye vitambaa vyake. Mpelelezi wa zamani alimtazama akipiga pasi kwa kiganja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimenyooka, na alimwonea huruma. Huruma si ushahidi. Aliondoka akiwa na jina moja tu mkononi, na jina lenyewe hakulitaka.

Jioni hiyo, kwake Barking, alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi akaanza kusoma madaftari. Kelvin hakuwa ametia chumvi. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa: tarehe, mahali, saa ya kufungua kikao kwa sala, waliohudhuria, waliotoa udhuru. Wakati mwingine waliohudhuria walikuwa wawili tu, na bado Philemon aliandika nani alifungua kwa sala na nani alifunga. Anastasia alicheka peke yake. Saa mbili kasoro robo alifungua daftari lililofuata lile lililoibwa, akasoma ukurasa wa kwanza, na kicheko kikamwisha. Aliusoma mara ya pili. Kisha akatoa kufuli kwenye begi, akakizungusha kile kipande chake, akakaa hivyo mpaka maji ya beseni yakapoa.

Jumatatu saa nne na nusu asubuhi watu watatu waliketi jikoni kwa Philemon, ghorofa ya pili, juu ya duka la nyama. Fomu ya kampuni ilikuwa mezani, ina nafasi za saini kadhaa na saini moja tu. Philemon alimwangalia Pacifique, akamwangalia Anastasia, akauliza kama amekiri.

"Tuanze na kufuli," Anastasia alisema. Aliliweka mezani. "Kufuli lililofungwa ukilikata pingu, kipande kinachobaki kinabaki kimebanwa ndani, hukichezeshi hata kwa koleo. Hiki kinazunguka chenyewe. Maana yake lilifunguliwa kwanza kwa ufunguo, halafu likakatwa. Na ufunguo ni mmoja."

Philemon alishika rozari yake.

"Ungelikata palepale kabatini ningehangaika sana. Kwa nini ulilitoa kwanza?"

Ufundi ukamsaliti Philemon. "Pale kwenye kona koleo halikai," alisema, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwanagenzi. "Nililibana mezani, gereji, Marion alipokwenda kula." Alipoyasikia maneno yake mwenyewe akainamisha kichwa.

Anastasia alifungua daftari la bluu. Alisema angetamani kuishia hapo, lakini mtu mwenye ufunguo wa ukumbi alikuwa ameshukiwa siku mbili, na alistahili kusikia sababu. Akasoma:

"Kikao cha tarehe 21 Machi 2009. Waliohudhuria: Philemon, Pacifique. Kumbukumbu za kikao cha tarehe 14 zilisomwa na kuthibitishwa. Kiitikio cha Pacifique kuhusu sahani ya mama yake kiliimbwa tena, kikapita bila marekebisho."

Alifunga daftari. "Uliliondoa la tarehe 14, kaka Philemon. Ukasahau kwamba katibu wa kwaya hafungui kikao kipya bila kusoma cha zamani."

Sasa mambo yote yalikuwa wazi, na Philemon hakujaribu kuyaziba. Kampuni ilipotaka picha za kurasa, aliliona jina la Pacifique limeandikwa juu ya ukurasa kwa mkono wake mwenyewe. Daftari likiibiwa, alitegemea kuwaomba wakubali fomu yenye saini moja na kiapo. Alimwita Anastasia ili wizi uonekane wizi. Hakutegemea angechukua madaftari mengine. Alisimama, akafungua mfuko wake wa spana, akatoa daftari la kumi na tisa likiwa limefungwa kwa gazeti.

"Nilitaka kulichoma, nikashindwa," alisema. "Miaka ishirini na miwili, Pacifique. Baba alikufa akiamini nimekuja Ulaya kukaza nati za mabasi. Nilitaka wimbo mmoja tu duniani ambao ukipigwa, watu waseme huu ni wa Philemon. Basi. Si wa Philemon na fulani. Mimi nimechoka, na nikawa mtu mbaya."

"Na ulijua nitamshuku nani," Anastasia alisema.

"Nilijua."

Hilo ndilo lililouma kuliko daftari. Anastasia alikuwa amewasikia wahalifu wengi wakikiri, na wengi alikuwa akiwachukia walau kwa siku moja. Huyu alishindwa kumchukia, na hilo likamkasirisha.

Pacifique alivuta daftari karibu. Aliligeuza mpaka ukurasa wa mwisho, akasoma kiitikio kuhusu mama yake wa Bukavu, ambaye kila jioni alimwekea sahani mwanawe, kaka yake Pacifique, aliyechukuliwa na wanajeshi, mpaka mama naye alipozikwa. Alisoma akisogeza midomo.

"Hiyo form niliiona wiki iliyopita, kwenye kabati, wakati wa kikao," alisema. "Nikajisemea, kama Philemon anataka iwe yake, nitanyamaza. Nilinyamaza hata kwa mama hapa. Ungeniomba tu, kaka. Ningekupa."

Philemon alianza kulia bila sauti. Pacifique alimwacha alie. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika thelathini na tano. Anastasia alieleza kwa kifupi kilichobaki: ukurasa huu ukipigwa picha bila saini ya pili, kampuni itaukataa wimbo. Na Pacifique halazimiki kusaini. Sahani ile ni ya mama yake, anaweza kuichukua akaondoka nayo, na Jumanne mwimbaji atarekodi wimbo wa mtu mwingine.

Philemon alifuta uso kwa mkono wa shati. "Usisaini," alisema. "Nastahili kuukosa."

Pacifique aliomba kalamu. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, kama alivyozoea kuandikia serikali, akaweka saini na tarehe. Kisha akaisukuma fomu upande wa pili wa meza.

"Mama anastahili kuimbwa," alisema.

Philemon alipiga picha kurasa mbili na fomu. Saa sita kasoro dakika nane aliona zimekwenda. Hakuna aliyempongeza. Pacifique alikuwa ameshasimama na kuvaa koti, akilifunga vifungo kuanzia chini.

"Jumamosi sitakuja," alisema.

"Hii ijayo?"

"Zote, kaka."

Alimpa Anastasia mkono, akampa na Philemon, kwa adabu ileile, akashuka ngazi. Simu iliita. Philemon alisikiliza akiwa amesimama, akasema asante mara tatu kwa Kiingereza, akakata. Alimwambia Anastasia kwamba wamekubali, kesho saa nne asubuhi wimbo unarekodiwa. Kisha akamuuliza kama anadhani akimkimbilia Pacifique sasa hivi atamkuta bado yuko kituoni.

Anastasia alimwambia ajaribu. Philemon alitazama ngazi, akatafuta viatu vyake, akakivaa kimoja. Kisha akakaa.