Kadi ya 118

Kila siku baada ya shule Nyota alipitia ofisi ya parokia, kule mtaani Cimpunda. Tonton Akilimali, mdogo wa baba yake, alimfundisha kuandika programu kwenye kompyuta ya zamani.

Mwaka huo vita vilifukuza watu wengi kutoka Minova. Wakubwa waligombania nchi. Waliolala chini ni raia. Parokia iliwapa wakimbizi kadi arobaini za blanketi, namba 101 hadi 140.

"Chapa namba zote ziwe orodha ya mlinzi wa blanketi," alisema Tonton. "Halafu programu ilinganishe kila namba na ile iliyoitangulia. Lazima izidi kwa moja tu."

"Nimesikia, Tonton."

Lakini nje Bintu, rafiki yake, alikuwa akimwita waruke kamba. Nyota akafanya njia ya mkato: namba ya mwisho, toa ya kwanza, ongeza moja. Arobaini! Sawasawa na idadi ya kadi. Mashine ikaandika: ZINAFUATANA.

"Umelinganisha moja moja?"

"Ndiyo, Tonton."

Kesho yake Maman Euphrasie, mama mzee wa Minova, alifika na kadi ya 118 kuchukua blanketi. Mlinzi akatazama orodha ya kompyuta.

"118 haiko. Hii kadi umeitengeneza wapi, maman?"

"Mulinipa ninyi wenyewe, hapa hapa!"

"Mwizi huyo!" mtu akapaza sauti. Foleni nzima ikacheka. Mama akaondoka mikono mitupu, mjukuu wake akikohoa mgongoni.

Nyota aliona yote. Akamwendea Tonton. "Nilikudanganya. Sikulinganisha."

Wakaandika programu upya. Ikasimama kwenye 117: Nyota alikuwa ameichapa mara mbili, akaacha 118. Idadi haikubadilika, ndiyo maana njia ya mkato haikuona kosa.

Jioni walimpelekea Maman Euphrasie blanketi. Akamfunika mtoto.

"Aksanti. Blanketi nimepata. Lakini wale wote walioniita mwizi, utawapata wapi?"

Jumapili baada ya misa, Nyota alisimama mbele ya watu akasema kosa lilikuwa lake. Wengi waliocheka hawakuwepo. Walikwisha kuchukua blanketi zao wakaenda kutafuta makimbilio kwingine.

"Umefanya vizuri," alisema Tonton. "Wakubwa wetu hawajasimama hivyo hata siku moja. Lakini ona, mwanangu: waliokwenda hawatasikia tena. Siku ile nilipokuuliza, ungesema 'bado', tungemaliza kwa nusu saa tu."