Chura Aliyekula Mende Walevi

"Hivi, mende wa kwenu wanakunywa nini, mbona wanapepesuka?"

Ndivyo alivyouliza jirani, fundi baiskeli, asubuhi moja aliposimama mlangoni kuomba maji ya kunywa. Mama alikuwa kwenye cherehani akishona mapazia. Akacheka.

"Nimewapulizia dawa, jirani. Wanaiaga dunia." Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe, usithubutu kuwaokota hao ukawape vyura wako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Binti huyo walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa sawasawa. Alifuga vyura wawili wenye ngozi ya vinundu ndani ya beseni pana lenye udongo, kigae na maji kidogo. Mmoja alimwita Mlafi, mwingine Mkimya. Kila jioni alipaswa kuzunguka bustanini kuwasakia panzi. Lakini jioni ile wenzake walikuwa barabarani wakiruka kamba, na vicheko vyao vilimwasha miguu. Akatazama huku, akatazama kule. Mende walikuwa pale pale chini ya meza ya jikoni, wanajikokota. Akawazoa, akawamwaga ndani ya beseni, akakimbilia nje. Mkimya hakutoka hata chini ya kigae chake. Aliporudi, Mlafi alikuwa ameshawamaliza wote.

Asubuhi Mlafi alikuwa amelala, miguu ya nyuma imenyooka, mwili unatetemeka. Kiherehere akamlaza chali. Chura mzima hujipindua mara moja. Huyu alibaki vivyo hivyo, tumbo juu. Kiherehere akaingia ndani, akatoka, akaingia tena.

"Una nini wewe, umekalia siafu?" Mama akauliza.

"Mlafi anaumwa, Mama. Twende kwa daktari wa mifugo."

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alivaa glavu, akazilowesha maji, akamgeuza chura taratibu.

"Amekula nini huyu, binti yangu?"

"Panzi tu."

"Una hakika?"

"Panzi... panzi tu, Daktari."

"Basi huenda ni minyoo. Nitampa dawa, ila ni kali. Kama ugonjwa ni mwingine, itammaliza."

Akachukua chupa. Kiherehere akahama mguu huu akaenda mguu ule. Akamtazama Mama, akatazama sakafu. Kizibo kikafunguliwa.

"Ngoja! Alikula mende wa sumu. Mama alinikataza, nikawapa tu."

Mama akashusha pumzi. Daktari akaifunga ile chupa haraka, akamwosha Mlafi kwa maji safi yaliyokuwa yamelala ndooni usiku kucha ili klorini itoke, akamdondoshea dawa nyingine mdomoni, kisha akamlaza kwenye boksi lenye kitambaa kibichi.

"Mtenge na mwenzake, mahali penye giza na kimya. Badilisha maji kila siku. Nawa mikono kwa sabuni ukishamgusa, na kabla ya kumgusa suuza sabuni yote itoke, maana chura hunywa kwa ngozi. Mengine tumwachie Mungu."

Kiherehere hakutulia. Darasani alitazama dirisha. Mezani chakula kilipoa. Kila akirudi alichungulia boksi, akaomba dua kimoyomoyo. Mpaka mchana mmoja alipomlaza Mlafi chali, naye, pap! akajipindua, akamkodolea macho kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama! Amejigeuza!"

Mama akaja, akachuchumaa karibu naye.

"Mwanangu, mnyama hawezi kumweleza daktari anapoumwa. Mdomo wake ni wewe. Ukiufunga kwa kuogopa kugombezwa, unamfungia uzima wake. Na tazama, uvivu wako wa jioni moja umemtesa kiumbe wa Mungu asiye na kosa."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini msamaha hauliwi, na huyu ana njaa."

Kiherehere akavaa ndala, akatoka kwenda bustanini kusaka panzi.